Siku Tatu za Fei Suyin

Mama mkwe wangu, Fei Suyin, alizaliwa mwaka wa Jogoo, akaolewa na ukoo wa Tao, akafiwa na mume, akafuga viwavi wa hariri mpaka vidole vikapinda. Basi. Hayo ndiyo maisha yake yote, na kama si ile siku ya karani nisingekuwa na la kusimulia. Alikuwa na ulimi mkali, na mimi pia si haba, kwa hiyo nyumba yetu haikukosa kelele.

Mwaka aliofikisha hamsini na mmoja, wilaya iliandika upya kitabu cha watu wake mashuhuri. Waliingizwa maofisa, wasomi, na wajane waliokataa kuolewa tena. Sharti la mjane lilikuwa awe amefiwa kabla ya kutimiza thelathini, na amevuka hamsini peke yake. Heshima, mimi ya nini? Nilichotaka ni kimoja tu: nyumba ya mjane aliyeandikwa haitoi mtu wa kubeba nafaka ya jeshi kaskazini. Mume wangu Renfu, mwanawe wa pekee, alikwisha kuitwa, na zilibaki siku nne aondoke. Mwaka uliotangulia kijiji chetu kilitoa wanaume kumi na mmoja. Walirudi watatu, na mmoja wao alirudi bila miguu.

Karani Gong akaja asubuhi, akaketi katika ukumbi wa ukoo, mbele ya vibao vya marehemu wetu. Akasoma cha baba mkwe wangu, kisha akakuna kidevu.

"Mama, hapa pana shida. Kibao kinasema mumeo alifariki siku ya tatu ya mwezi wa kwanza. Mwaka mpya ulipoingia, siku ambayo kila mtu huongeza umri, wewe na wenzako wote wa mwaka wa Jogoo mlitimiza thelathini. Umepitiliza siku tatu."

"Siku tatu tu!" nikapayuka kutoka mlangoni.

"Nani kamwuliza huyu?" akafoka Mzee Kuan, mkuu wa ukoo na mdogo wa babu yake Renfu.

"Hata ingekuwa moja," alisema karani. "Nikimaliza chai yangu nafunga kitabu."

Nilimvuta mama mkwe hadi uani. Mwanamke yule niliyezoea kumsikia akigombana hata na bata sasa alichungulia kwanza kama kuna anayesikia.

"Hakufa siku ya tatu," akaninong'oneza. "Alikufa tarehe ishirini na nane, mwaka haujaisha."

"Unasemaje, mama?"

"Baba mkwe wangu alikataa msiba utangazwe. Alisema ukitangazwa wakati wa sikukuu, nuksi itaingia kila nyumba ya ukoo. Tukamfunika mfarishi, tukarudishia mlango mpaka siku ya tatu. Nikapika. Nikawamiminia wageni pombe. Nikacheka nao, mwanangu! Mume wangu yuko chumbani maiti, mimi huku nacheka. Halafu yule mzee akanipigisha magoti, nikaapa sitasema."

Naapa nilitaka kumfukua yule mzee nimpe maneno yake. Lakini ndani kikombe cha karani kilikuwa kinapungua.

"Nenda ukaseme, mama."

"Nimvue nguo baba mkwe mbele ya vibao vya wazee wake? Na wakishajua, wataniandika mimi? Mjane aliyecheka?"

"Usiposema, kibao kitakachofuata ni cha Renfu."

Alinitazama kama nimempiga kofi. Sikuomba radhi, na mpaka leo sijaomba. Alijifuta uso kwa ncha ya shati, akaingia.

Akayasema yote amesimama, bila kupunguza hata kile kicheko. Mzee Kuan akapiga meza, chai ikamwagika.

"Unamsingizia kaka yangu uongo! Marehemu hawezi hata kujitetea!"

"Nani shahidi?" aliuliza karani.

Wageni wa sikukuu ile walikuwa wamekufa wote, isipokuwa Mzee Kuan mwenyewe, naye alikuwa amekaza macho ukutani. Karani akaanza kufuta wino kwenye brashi yake. Nikashika fremu ya mlango. Kumekwisha, nikajiambia, wanamchukua.

"Mimi ni shahidi."

Alikuwa Renfu. Mume wangu ni mtu wa maneno matatu kwa siku, na hayo yote huwa ya chakula. Sauti ilimtoka kwa shida.

"Nilikuwa na miaka mitano. Asubuhi ya mwaka mpya walinivalisha viatu vipya. Mama aliniambia baba amelala, nisimwamshe. Nikapenya chumbani nimwoneshe viatu. Nikamwita, kimya. Nikamshika mguu, ulikuwa wa baridi, mgumu. Nikamwita tena. Nilidhani hataki kuniitikia. Siku chache kabla nilikuwa nimemwaga dawa yake, akanichapa. Kila mwaka nikija kusujudu hapa, namwomba msamaha."

Karani akamgeukia Mzee Kuan. "Na wewe, Mzee? Ulikuwepo?"

Yule mzee akakigeukia kibao cha kaka yake.

"Tulipomtia kwenye jeneza," akasema mwishowe, "hakuwa maiti wa siku moja."

Karani akachovya brashi. Akaandika: mke wa Tao, amefiwa akiwa na miaka ishirini na tisa. Nyumba yetu haitatoa mtu. Nikakaa pale pale kizingitini, nalia na kucheka kama punguani.

Mama mkwe hata hakukitazama kitabu. Alikuwa anamtazama mwanawe, dume zima la miaka ishirini na sita, lililosimama mbele yake, ndevu zimelowa machozi.

"Mama," alimwuliza, "kumbe baba hakuwa amenikasirikia?"