Ndege Huyo na Ndege Hiyo

Naisema leo kwa sababu imenikaa kooni. Mwenzangu wa chumba kule ughaibuni, mtaa wa Abu Hamour, alikuwa dereva, mtu wa Mombasa, na kwa kuchora alinishinda. Mimi pia nachora. Hilo hakuna aliyeniuliza.

Nilikuwa mlinzi wa jengo moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri. Mpangaji mmoja, mzee Mwingereza, aliona kwenye simu yangu michoro miwili, wangu na wa mwenzangu. Akauchagua wake. Wangu hata hakuutazama mara mbili, ah! Alitaka achorewe ile ndege ya Kiingereza iliyovunja rekodi kwa kupita maili elfu moja kwa saa. Babake aliwahi kuwa fundi wa ndege hiyo. Mchoro ungetundikwa Ijumaa jioni kwenye maonyesho ya picha za ndege kama hizo. Ukipendeza, mwenzangu angetafutiwa kazi ya kuchora, aachane na usukani. Mimi nimfikishie ujumbe tu.

Haki ya nani, wivu ulinipanda hadi masikioni.

Sasa, huyu mwenzangu alikuwa akinicheka kila siku kwa Kiswahili changu cha bara. Kwangu mimi, ya abiria ni "ndege hii", na wa mtini pia ni "ndege hii". "Mwenye uhai ni huyu, bwana!" angefoka. "Huyu!" Basi siku hiyo nikaketi na simu, nikamwandikia polepole: "Mzee anataka ndege wa Uingereza, yule aliyewashinda wenzake wote kwa mbio. Mchore kabla ya Ijumaa."

Akajibu papo hapo: "Mashallah! Leo ngeli umezipatia!"

Alichora kipanga akishuka, mabawa ameyakunja. Siku tatu, akitoka kazini hata kula hali. Ulikuwa mchoro mzuri ajabu, na niliuchukia.

Ijumaa mchana akauleta mapokezini. Mzee aliutazama, akauliza ndege ya babake iko wapi. Mwenzangu alinigeukia, kisha akamwambia yule mzee, "Samahani, sir, kosa ni langu. Ndugu yangu huyu lugha humchanganya. Nilipaswa kumpigia simu nimuulize."

Mzee akatikisa kichwa, akaingia kwenye lifti mikono mitupu.

Nje, mwenzangu alinipiga bega. "Usijali, ndugu yangu. Ngeli utazijua tu."

"Zinanishinda, kaka," nikamjibu, naye akaniamini.