Barua Isiyopita Mdomoni mwa Mtu

Mimi sina subira. Watu hudhani kila asiyeona ana subira, na wakinisifia hivyo huwa naudhika. Siku tuliyojaribu kuunganisha intaneti kwenye kifaa changu pale Shinyanga, mwenye nyumba wetu alinisifia subira mbele ya wateja wa duka lake, nami wakati huohuo natamani kukibamiza kifaa chenyewe juu ya kaunta yake.

Kilikuwa kifaa cha nukta nundu, mtumba, kimeletwa na wageni waliotembelea shule tuliyokuwa tukifundisha mimi na mume wangu. Kina vitufe sita vya kuandikia, na mbele yake mstari ambao nukta zake huinuka na kuzama, ukausoma kwa vidole. Kilikuwa na sauti pia, lakini sauti yenyewe ilijua Kiingereza tu, na ikisoma Kiswahili unaweza kuikaribisha kiti na maji, ukidhani ni mgeni ametua leo asubuhi.

Nilikuwa na sababu moja ya kuitaka intaneti. Mdogo wangu alikuwa karani kule Bugarama, kwenye kampuni ya chakula iliyohudumia mgodi, na barua zake zote alinisomea mume wangu. Mume wangu ni msomaji mzuri. Hakuwahi kuruka neno, na penye kichekesho alicheka kwanza ndipo akasoma, jambo ambalo nalo liliniudhi. Ila mdogo wangu alijua kwamba msomaji ni shemeji yake, na mtu hamwambii shemeji yake kila kitu. Basi aliniandikia habari za mvua, za afya ya mama, na kwamba yeye ni mzima. Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa. Nilijua anavyopumua akiwa na jambo. Katika barua zile hakuwa anapumua kabisa. Nilimkumbuka sana, ingawa barua zilikuwa zinakuja kila mwezi.

Ofisini kwake walikuwa na barua pepe. Mume wangu alimpigia simu kumpa anwani yangu mpya, naye akasema ameshatuma ujumbe wa kwanza, tuufungue tu.

Simu ya mezani pale uani ilikuwa ya mwenye nyumba. Ilikaa dukani kwake, kati ya vitenge na mabeseni, mahali ambapo huwezi kuzungumza siri, na waya wake uliendelea mpaka chumbani kwa mama yake, ambaye sote tulimwita Bibi. Huko kulikuwa na simu ya pili. Siku hizo intaneti ilipita kwenye waya wa simu, basi mume wangu alichomeka waya wa dukani kwenye kifaa changu, akanisomea namba ya kupiga, jina, na neno la siri, herufi moja moja, nami nikaandika. Kifaa kikapiga. Kikaanza kukoroma na kupiga mluzi, na kabla hakijamaliza tukasikia sauti kutoka chumbani:

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Laini ikakatika. Tukaanza upya. Kumbe kila kifaa kikipiga namba, simu ya Bibi ililia kidogo, ting, naye hakuwa mtu wa kuacha simu ilie. Safari hii alisikia ile miluzi, akaitikia salamu kabisa, akauliza habari za watoto. Laini ikakatika tena.

"Mwambie mama asipokee," mume wangu alimnong'oneza mwenye nyumba.

"Nimwambie mama asiitikie mtu?" mwenye nyumba alijibu. "Na kama ni msiba? Hilo siwezi, mwalimu. Kamwambie wewe."

Mume wangu hakumwambia. Ni Msukuma wa Nyarugusu, na mtu mzima hakatazwi kusalimia. Alivua viatu, akapiga hodi, akaingia chumbani kwa Bibi. Nikasikia "Shikamoo Bibi", na ile marahaba ndefu. Kisha akaanza kumsalimia kama wanavyosalimiana kwao, hali yake, miguu yake, wanawe mmoja mmoja na walipo, ng'ombe ambao Bibi hakuwa nao, mvua. Bibi alifurahi hata akasahau kwamba kuna simu duniani.

Nikabaki peke yangu kwenye kaunta, bila wa kunisomea chochote. Neno la siri lilikuwa vidoleni. Nikapiga. Kikakoroma, kikapiga mluzi, kikanyamaza. Niliogopa kukigusa. Kisha nukta zikainuka kuniambia kwamba kuna ujumbe mmoja.

Nikaizima ile sauti ya Kiingereza. Nikaweka vidole kwenye mstari.

"Dada, ni wewe mwenyewe unayesoma, au ni shemeji?"

Hapakuwa na kingine. Niliusoma tena, polepole, mpaka vidole vikalowa, maana nilikuwa nalia na kujifuta kwa mkono uleule. Halafu nikaandika: "Ni mimi peke yangu. Niambie."

Jibu lilikuja kesho yake, refu, na mume wangu alikuwa tena chumbani kwa Bibi, safari hii bila kutumwa. Nililisoma lote, nikakunja waya. Alipotoka alisimama karibu yangu, nikamsikia anavyojizuia.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anakusalimia."

Akanishika bega.

"Marahaba," akasema.