Chuma cha Kumi katika Gitaa la Mbayuwayu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni seremala, na kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini watu wa mtaa wetu wamemwita Fundi Milimita. Jina hilo alibandikwa na mteja aliyelalamika kwamba mlango wake ulichelewa siku nne. Shemeji alimjibu kwamba mlango ulikuwa umezidi milimita moja upande wa bawaba, na kwamba siku nne ndizo zilizohitajika kuuondolea kiburi. Mteja alicheka, akalisambaza jina, nalo likaganda.

Karakana yake ni chumba kirefu chenye dirisha moja kubwa, na meza ya kazi imewekwa chini ya dirisha hilo ili mwanga uingie kutoka kushoto. Hubeba penseli mbili: ya sikio la kulia ni ya kupimia, ya sikio la kushoto ni ya kuandikia. Kila kitu anachokitengeneza hukiandika mahali pasipoonekana, kama vile chini ya droo au nyuma ya kabati. Huandika tarehe na vipimo, na kama kuna dosari anayoijua, huiandika pia: “Mguu wa nyuma kushoto una fundo la mti.” Dada yangu humtania kwa ajili ya desturi hiyo. “Huyu,” husema, “siku ya kunioa nilitazama nyuma ya gauni langu kama ameniandika.”

Ni kitu kimoja tu kilichowahi kutoka katika karakana hiyo bila maandishi. Kitu hicho kilikuwa gitaa.

Aliyeliagiza alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, mpanga barua katika ofisi ya posta, aliyeitwa Mbayuwayu kwa sababu hakuwahi kuonekana ametulia mahali pamoja. Alikuwa amejifunza nyimbo za shambani kutoka kwa bibi yake, nyimbo za kupalilia na za kubembelezea watoto, na alikuwa akizitia ngoma na mapigo ya roki. Wakati huo wengi waliomsikia walidhani anazikosea heshima. Alikuja karakanani akiwa amekumbatia gitaa lililopasuka tumbo. Mjomba wake alikuwa amelikalia.

“Fundi, unaweza kunitengenezea jingine kama hili?”

“Mimi natengeneza milango.”

“Hili nalo ni mlango tu, Fundi. Ila lina nyuzi.”

Shemeji hakucheka, lakini alilipokea gitaa lile, na nilijua amekwisha kunaswa. Alilifumua kipande kwa kipande, akachora kila kipande juu ya karatasi ngumu, kisha akaniita nihakiki hesabu zake, kwa kuwa mimi nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji. Nilikagua hesabu zote. Hazikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa la mkono. Shingo ya gitaa huvukwa na vyuma vyembamba, ambavyo mpigaji huvitumia kupata sauti mbalimbali kwa kubana uzi nyuma yake. Kila chuma hukaa katika mkato, na mkato lazima ukatwe juu ya mstari wa penseli, katikati yake hasa. Seremala hakati hivyo. Msumeno wa seremala hupita kando ya mstari, upande wa kipande kitakachotupwa, na zaidi ya hapo huacha unene kidogo kwa ajili ya randa. Katika mlango kipo kipande cha kubaki na kipande cha kutupwa. Katika shingo ya gitaa hakuna cha kutupwa. Shemeji alilijua hilo vyema, akakata mikato tisa ya kwanza huku ameshika pumzi. Kabla ya mkato wa kumi aliitwa nje na mteja aliyetaka habari za meza yake. Alizungumza naye dakika tano, akarudi, akashika msumeno, na mkono ukafanya ulichozoea kufanya kwa miaka kumi na minane. Akauacha mstari, akaacha na unene wa randa. Jumla yake ilikuwa milimita moja na nusu kuelekea kichwani mwa gitaa.

Aligundua alipokuwa akihakiki mara ya mwisho, gundi ikiwa imekwisha kukauka. Alikuwa bado ameinama juu ya rula Mbayuwayu alipoingia, siku mbili kabla ya siku waliyoahidiana. Kijana alilichukua gitaa kutoka mezani, akalishika kama mtu apokeaye mtoto wake mchanga, na shemeji akashindwa kumnyang'anya.

“Mwezi ujao uniletee,” alimwambia. “Kuna kitu nataka kukikagua.”

“Nitaleta, Fundi.”

Hakulileta. Mwezi uliofuata alikuwa safarini na wapiga ngoma wake, na mwaka uliofuata nchi nzima ilikuwa ikimwimba.

Uzi ukibanwa kwenye chuma kilichokaa mbali kuliko ipasavyo, sauti hushuka kidogo. Mtu wa kawaida hatambui. Mwenye sikio hukunja uso. Mbayuwayu alikuwa na sikio. Kwa hiyo kila alipofika kwenye chuma cha kumi aliusukuma uzi pembeni kwa kidole mpaka sauti ikapanda mahali pake. Mlio ule mfupi uliopanda, kutoka chini kidogo hadi mahali panapostahili, ulisikika kama mtu anayejizuia kulia. Watu waliuita kilio cha Mbayuwayu. Watangazaji wa redio walinyamaza ili usikike, na vijana waliojifunza gitaa walijifunza kwanza kuliliza hapo.

Kinyozi wa jirani alikuwa na redio kubwa iliyowekwa dirishani. Kila ulipopigwa wimbo wa Mbayuwayu uliopendwa kuliko zote, shemeji alikazana kupiga randa, na sauti ikifika pale pa kilio aliinua randa na kuipuliza ingawa haikuwa na vumbi. Dada yangu aliamini kwamba mumewe haupendi muziki ule. Mimi ndiye niliyeambiwa ukweli, siku moja tulipokuwa tukibeba kabati.

“Shemeji, watu wanalililia kosa langu.”

“Wanalia vizuri,” nilimjibu. “Waache.”

“Nyie mnachora mito ambayo hamjaivuka, hamna aibu. Mimi kile ni kitu nilichokitoa kwa mkono wangu.”

Mbayuwayu alifariki akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, kwa homa ya mapafu aliyoipuuza wiki tatu kwa sababu alikuwa ameahidi maonyesho. Aliacha mtoto wa kike ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Dada wa Mbayuwayu, muuguzi, alikuja kuagiza jeneza, na shemeji alilitengeneza kwa siku moja. Nilimsaidia kuligeuza. Chini yake aliandika tarehe na vipimo, kisha akasimama na penseli mkononi kwa muda mrefu, akairudisha sikioni. Gitaa alilifikiria, bila shaka, lakini mtu hawezi kumwendea mfiwa akamwomba arudishiwe kazi yake ili airekebishe.

Miaka thelathini ilipita. Shemeji sasa ana miaka sabini na minane; jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na mkono hutetemeka mpaka ushike kifaa. Hupokea kazi ndogo tu. Mwaka huu, mwanzoni mwa mwezi wa nne, yule muuguzi, ambaye sasa amestaafu, aliingia karakanani akifuatana na mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye vidole virefu. Walikuwa wamebeba gitaa ndani ya shuka.

“Kaka Fundi,” alisema muuguzi, “nililifungia kabatini miaka yote hii. Tumelitoa, shingo imebaki mkononi. Huyu ndiye binti yake. Wiki ya tatu kuanzia leo kuna kumbukumbu ya baba yake ukumbini, na anataka kulipiga hilo hilo.”

“Shikamoo, babu,” alisema binti.

“Marahaba, mjukuu wangu.” Alikuwa hamtazami, alikuwa amekwisha kulikunjua shuka. “Gundi imekufa. Mti ni mzima. Litapona.”

“Tunataka lirudi lilivyokuwa,” alisema muuguzi.

Walipoondoka, shemeji alifunga mlango wa karakana mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

“Lilivyokuwa, au lilivyopaswa kuwa?” aliniuliza.

“Amesema lilivyokuwa.”

“Hajui anachosema. Nimeishi na kitu hiki miaka thelathini na saba, Shemeji. Kazi mbaya moja katika maisha yangu yote, na ndiyo pekee watu waijuayo. Sitaki kufa nikiwa nimeiacha hivyo. Hawatatambua. Nitaziba mkato, nikate mwingine juu ya mstari. Ila jicho langu halioni nusu ya milimita. Wewe utanisomea rula.”

Nilikubali, kwa kuwa ni shemeji yangu, na kwa kuwa nilijua angelifanya hata bila mimi, vibaya zaidi. Kazi ilichukua siku kadhaa. Alisafisha gundi ya zamani kwa maji moto na patasi, akaubandua ubao wa mgongo uliokuwa umeachia, akaubana upya kwa jiriwa. Siku ya sita aliking'oa chuma cha kumi, na mimi nikamsomea rula, naye akachora mstari mpya mahali palipostahili. Alichonga kijiti cha kuzibia mkato wa zamani. Kilichobaki kilikuwa kukipaka gundi.

Binti aliingia wakati huohuo kuuliza kazi imefikia wapi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, kama nilivyojua baadaye, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye pengo.

“Mbona hicho kimoja kimetoka, babu? Kilikuwa kimelegea?”

“Kilikuwa imara.”

Shemeji alipangusa mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Hapo,” binti alisema, akisogea, “ndipo ninaposhindwa. Nimejifunza kwenye santuri zake, maana mimi sikuwahi kumsikia akiongea. Kila kitu nimekipata isipokuwa hapo. Nikiusukuma uzi kama yeye, sauti inapitiliza. Mwalimu wangu anasema natia chumvi. Nisiposukuma, halilii. Nimebadilisha magitaa manne, nikaamua tu kwamba sikurithi kidole chake. Hili ndilo gitaa la mwisho la kujaribia.”

Mstari mpya wa penseli ulikuwa mbele yake. Kijiti kilikuwa kati ya vidole vya shemeji.

“Keti, mjukuu wangu,” alisema. “Hukukosa kidole.”

Akamweleza yote, taratibu, kuanzia mteja wa meza hadi milimita moja na nusu, kama mtu anayesoma vipimo. Hakuomba radhi, na wala hakujitetea. Mwishoni binti aliuliza jambo moja tu.

“Baba alijua?”

“Alijua sauti ni mbovu. Kwamba mimi ndiye niliyeiharibu, hilo sijui. Hakurudi kuniambia.”

Shemeji alikuwa ameiweka shingo ya gitaa magotini, na kidole gumba chake kilikuwa kikitembea juu ya mti, kama kifanyavyo kila mara anapozungumza, kikitafuta mahali pa kupitisha msasa. Ghafla kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena. Akanipa shingo, nami nikapitisha kidole. Nyuma ya mkato wa kumi, chini ya uzi wa pili, mti ulikuwa umeliwa. Kulikuwa na bonde dogo, laini kama sehemu ya ndani ya kijiko, nalo halikufuata urefu wa shingo, lilikwenda pembeni. Kwingineko mti ulikuwa sawa.

“Miaka saba,” shemeji alisema. “Alikuwa akinisahihisha kila siku, miaka saba. Mti huu ni mgumu, Shemeji. Unajua ni mara ngapi hizo?”

Alimkabidhi binti. Yeye aliweka kidole cha tatu bondeni, akakisukuma pembeni kidogo, ingawa hapakuwa na uzi, na akabaki hivyo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Kidole changu kinaenea.”

Shemeji alikivunja kile kijiti vipande viwili, akavitia mfukoni. Siku hiyohiyo alikirudisha chuma kilekile katika mkato uleule, na alikataa hata kugusisha msasa upande ule. Mstari mpya aliufuta kwa kitambaa chenye maji.

Kabla ya kuiunganisha shingo na tumbo, alitoa penseli ya sikio la kushoto. Nilitaka kumwandikia, akanikataza. Aliandika mwenyewe, katika sehemu ya mti ambayo ingefunikwa na kiungo, herufi zikipanda na kushuka, kisha akanitaka nimsomee kwa sauti ili ahakikishe. Ilikuwapo tarehe ya zamani na tarehe ya siku ile, na urefu wa shingo. Chini yake: “Chuma cha kumi kimekosewa milimita moja na nusu. Kosa ni langu. Fundi utakayefungua hapa, usirekebishe.”

“Inasomeka?”

“Inasomeka.”

“Basi lete gundi.”

Ukumbini tuliketi safu ya sita, dada yangu akiwa katikati yetu. Wengi walikuwa na mvi, na wengi walianza kuimba kabla ya kuombwa. Binti alipiga akiwa ameinamisha kichwa. Wimbo ule ulipofika katikati, ukumbi ulinyamaza kama watangazaji wa zamani walivyonyamaza, na sauti ikapanda, fupi, mpaka mahali pake, wala haikupitiliza.

Dada yangu, aliyekuwa ameelezwa habari yote siku mbili kabla, alifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

“Ndilo lile kosa?” alinong'ona.

“Ndilo.”

“Na mimi nimelililia miaka yote hii, na anayelala kitandani mwangu yuko kimya.”

Shemeji alikuwa amefumba macho, akingoja wimbo urudi mahali palepale. Na uliporudi, kidole chake cha tatu kilisukuma kitambaa cha suruali juu ya goti, pembeni kidogo.