Banio la Dirma na Alama ya Mzee Gidahama

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Nilitoka nyumbani Endagikot alfajiri, nikafika ofisi ya maji Mbulu nimechomekea shati jeupe, na Mhandisi wa Maji wa Wilaya akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Akasema mto haupimwi ofisini, akanikabidhi kwa fundi mkuu. Kabla ya saa nne nilikuwa ndani ya maji ya baridi hadi kiunoni, nimeshika ubao wa kupimia kina. Shati lile halikurudia weupe wake tena.

Ninyi mnaosomea umwagiliaji siku hizi mna kompyuta za kukokotoa. Sisi tulikuwa na kamba, vigingi, karatasi na miguu. Kazi yetu kubwa ilikuwa mabanio. Banio ni ukuta mfupi unaokatiza mto ili maji yainuke na kuingia kwenye mfereji wa mashamba. Linaonekana jambo jepesi, na ndiyo maana watu wengi wameliharibu, mimi nikiwa mmoja wao.

Nilikaa Mbulu miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa Hanang nikiwa fundi sanifu kamili. Ulikuwa wakati wa mashamba ya ngano ya serikali. Matrekta yalikuwa yamefika kwenye tambarare za malisho, na pale ng'ombe walipokuwa wakizama kwenye majani ukaona udongo mtupu hadi macho yachoke. Tulijivunia sana ngano ile. Nami nilijivunia.

Upande wa Dirma, chini ya miteremko hiyo, zilikuwepo familia zilizoshuka kutoka kwetu milimani kulima mahindi na vitunguu. Kila mwaka walijenga banio la miti na mawe, na kila masika mto ulilibeba. Mhandisi mpya wa Hanang, mtu mkali asiyependa maneno mengi, akaniagiza nisanifu banio la zege ambalo wajukuu wao wangelikuta.

Jambo la kwanza katika usanifu ni kujua mafuriko makubwa yalifika wapi. Vitabu vya kumbukumbu za mto hatukuwa navyo, kwa hiyo tuliuliza wazee. Nikampata Mzee Gidahama, mfugaji aliyezaliwa kando ya mto ule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipeleka kwenye mgunga mmoja na kuweka kiganja chake kwenye gome.

"Maji ilifika hapa," akasema. "Lakini hiyo ni maji ya wakati wa majani. Sasa huko juu wamelima yote. Hii ya sasa mimi siijui."

Nikapima kutoka chini hadi kiganjani, nikajaza kwenye fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya kimo cha maji na jina la aliyeonyesha. Nafasi ya majani haikuwepo, na mimi sikuitengeneza. Moyoni nilisema huyu mzee ana uchungu wa malisho yake, na uchungu si kipimo.

Nilijenga ukuta mnene. Mbawa zake, yaani zile kuta za pembeni zinazoingia kwenye kingo, nilizifanya fupi kufuatana na alama ya mgunga. Chini kidogo ya ubawa wa kushoto palikuwa na shamba la Mama Martina, mjane aliyelea watoto wake kwa vitunguu. Yeye ndiye aliyebeba mawe kuliko mwanamume yeyote pale.

Masika ya pili mvua ilinyesha juu kwenye udongo uliolimwa. Hapakuwa na majani ya kuyazuia maji, yakashuka mekundu na mazito, yote kwa pamoja. Ukuta wangu haukupata hata ufa. Mto uliuzunguka tu, ukala ukingo wa kushoto na kupita katikati ya shamba la Mama Martina. Nilipofika nilikuta banio limesimama pakavu, na mahali pa vitunguu pana korongo.

Mhandisi alikuja, akaukagua ukuta kutoka ubawa mmoja hadi mwingine.

"Ukuta upo, mto umehama," akasema. "Mzee aliyekuonyesha alama hakukwambia lingine?"

"Hapana," nikajibu. "Mvua zilizidi kiasi."

Akayaandika maneno yangu kwenye taarifa. Kama ningesema kweli, kosa lingekuwa la ofisi, na kijiji kingeombwa kumpa mama yule shamba jingine kando ya mfereji. Lakini taarifa ilisema ni mvua, na mvua haishtakiwi. Mama Martina akapewa pole tu. Akaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya wenzake, na mimi nilibaki na cheo changu.

Banio la pili nililijenga vizuri. Nililifanya fupi kwa kimo na refu kwa upana, mafuriko yapite juu yake bila kutafuta njia nyingine. Mbawa niliziingiza ndani sana. Kingo nilizifunga kwa gabioni, yale makapu ya waya yanayojazwa mawe, kwa kuwa ardhi ikititia nayo hutitia bila kuvunjika. Meneja wa shamba la ngano akakubali kuacha majani kando ya makorongo ya juu. Mama Martina alikuja tena kubeba mawe, na sikuweza kumtazama usoni.

Banio hilo limesimama hadi leo. Siku nilipoagwa kazini mabosi walilitaja kwenye hotuba zao, watu wakapiga makofi, nami nikaona aibu mbele ya mke wangu. Juma lililofuata nilipanda basi kwenda Dirma.

Nilimkuta Mama Martina amezeeka, anachambua maharage mlangoni kwa mwanawe. Nikamwamkia, akanipa kigoda. Nikamweleza yote: kiganja cha mzee, maneno yake, na uongo wangu.

Hakushangaa. Akasema Mzee Gidahama alimwambia mwaka uleule, kabla hata matope hayajakauka. Nikamuuliza kwa nini basi alikuja kunibebea mawe.

"Wenzangu walihitaji maji," akasema.

Nikamwomba msamaha. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akanyanyua uso.

"Banio lako ni zuri, baba. Na shamba langu lilikuwa zuri."