Nafasi ya Ua la Njiwa

Mvua ya baridi ilishuka Jumatano alasiri, ghafla, kama mtu aliyemwaga ndoo. Wanawake wa kijiji walikimbilia nguo zao kambani. Ponirah naye alikimbia, lakini alipofika katikati ya ua wake alisimama, akanyoosha mkono, akauacha uloane hadi ubaridi ukamfika kiwikoni. Kisha akaanza kuhesabu vidole.

"Yu Ponirah!" Tumini, jirani yake, alimwita Yu, dada mkubwa, kila siku, hata siku za kumsuta. "Nguo zako zinafuliwa mara ya pili, wewe unahesabu vidole? Kuna kilichopungua?"

"Siku tisa," Ponirah alijibu. "Ijumaa ya wiki ijayo."

"Unazaa au unaolewa?"

"Maua yanafunguka."

Tumini hakuhitaji kuambiwa ni maua gani. Nyuma ya nyumba ya Ponirah palikuwa na mfenesi mzee, na juu ya gome lake iliishi okidi ya njiwa. Mwaka mzima ni vijiti tu, na majani magumu. Lakini ikipigwa na mvua ya baridi hivyo, siku ya tisa alfajiri maua yote hufunguka kwa pamoja, meupe kama njiwa wanaotua, mteremko mzima wa mlima, mti kwa mti. Jioni yamekwisha, yamejikunja kama karatasi iliyotafunwa. Atakayechelewa hadi magharibi huambulia harufu.

Ponirah alikuwa ameyaona tangu alipoolewa kijijini hapo. Safari hii alitaka kuyachora.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na shule aliiachia darasa la nne. Kazi aliyokua nayo ni batiki: kukaa kwenye kigoda mbele ya kitambaa, kuchota nta ya moto kwa kalamu ya shaba yenye mdomo mwembamba, kuipuliza, kuchora. Mama yake ndiye aliyemfundisha, na sheria ya mama yake ilikuwa moja: kitambaa kisibaki uchi. Penye nafasi, tia jani. Jani likigoma kuenea, tia nukta. Kulia kukiwa na ua, na kushoto liwepo, tena pacha wake. Kitambaa chenye uwazi ni cha mvivu, au cha mtu aliyeishiwa nta.

Baadaye vikaja vitambaa vya kupigwa chapa mashineni, karakana ikafungwa, mikono ya Ponirah ikakosa shughuli. Mikono ikikosa shughuli, moyo hujitafutia yake. Moyo wake ulikuwa wa hofu tangu zamani, na mumewe alipofariki ukawa kama gari lisilo na breki. Alihofia moshi wa mlima wao wa volkano ukiwa mwingi, alihofia ukiwa haupo. Zaidi ya yote alimhofia binti yake Ningrum, wa miaka kumi na saba, na ile pikipiki aliyokwenda nayo shule. Usiku aliamka kusikiliza kama mtoto anapumua, mtoto mwenyewe ana kimo cha kumzidi mama.

Hapo ndipo alipokuja Winarsih, ambaye wote walimwita Bu, yaani Mama, kwa heshima. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika bustani kubwa mjini, akiwachorea wataalamu mimea kwa ajili ya vitabu vyao. Alipostaafu alirudi kijijini kwa wazazi wake, na kila Jumamosi akawafundisha kuchora, katika ukumbi wa kijiji, wote waliotaka. Hawakuchora maua ya vazi wala ya kalenda. Walichora mimea ya mteremko wao wenyewe, kangaga na tangawizi mwitu na okidi, kwa ukubwa wake halisi, kila jani limepimwa kwa bikari, ili mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapo aweze kuutambua mmea siku atakayokutana nao. Karatasi zilizokamilika zilitundikwa ukutani. Watoto waliokuwa wakiita kila kitu "majani" wakaanza kugombana juu ya majina.

Ponirah alikaa kiti cha mbele. Kwa saa mbili hizo, akihesabu mishipa ya jani, hakuogopa kitu. Alijishtukia siku moja njiani kurudi: leo sikutazama barabara hata mara moja.

Sasa Bu Winarsih alikuwa anaondoka. Magoti yalikuwa yamemshinda, na mwanawe aliyeko Surabaya angekuja kumchukua mwisho wa mwezi. Alikuwa na sanduku la mbao lenye brashi, rangi za maji, bikari mbili, lenzi, na karatasi zote za darasa.

"Atakayeniletea karatasi moja ya kweli," aliwaambia, "mmea wa hapa hapa, mzima, tangu mzizi hadi ua, huyo nitamwachia sanduku na darasa. Akikosekana, sanduku litarudi mjini, na ukumbi utarudia kazi yake ya kusikiliza hotuba."

Watu walicheka. Ponirah hakucheka. Aliwaza Jumamosi zisizo na saa mbili zile.

Kwa hiyo, mvua ile ilipopiga, siku nane alifanya kazi. Alipanda ngazi kwenye mfenesi akachora mizizi ilivyolishika gome, akachora mashina yaliyovimba chini na kuwa membamba juu, akachora majani moja moja. Jani la nne lilikuwa limetobolewa na kiwavi. Akalichora na tundu lake. Nafasi ya maua aliiacha juu, ingojee siku yake.

Ijumaa alfajiri harufu ilimwamsha. Mfenesi ulikuwa mweupe. Ningrum alikunywa chai yake ya sukari nyingi, akavaa kofia ya pikipiki.

"Ukifika, nitumie ujumbe, Nduk, binti yangu."

"Kila siku natuma, Mak."

"Na leo tuma."

Ponirah alipanda ngazi, akaweka ubao mapajani. Saa moja. Ujumbe haukuja. Alichora ua la kwanza, akatazama simu. Saa moja na nusu. Alipiga, simu ikaita bila kupokewa. Kutoka juu ya ngazi aliweza kuiona kona ya barabara ya lami, na kila pikipiki iliyopita ilikuwa nyekundu kama ya Ningrum, hadi inapokaribia. Jicho lilikuwa barabarani. Mkono uliendelea kuchora. Mkono wake ulijua maua tangu utotoni, haukuhitaji jicho.

Saa nne ujumbe ukaingia: "Nimefika Mak simu ilikuwa kwenye begi samahani." Ponirah alilia kidogo, akapenga kamasi, akamalizia rangi. Jioni maua yalipojikunja, karatasi yake ilikuwa tayari. Ilikuwa nzuri. Aliitazama akajiambia, hata mama angekiri.

Kesho yake, Jumamosi, aliiweka mbele ya Bu Winarsih. Darasa zima likasogea.

"Loo!" alisema Tumini, ambaye alikuja darasani kwa umbea kuliko kwa kuchora, akiwa na bakuli lake la tempe, vipande vya soya vya kukaanga. "Hii nikiivaa harusini, bi harusi atarudi kwao."

Bu Winarsih alivaa miwani. Alianza chini. Mizizi, akatikisa kichwa kukubali. Mashina, akakubali. Alipofika kwenye jani lenye tundu alitabasamu. Kisha akapanda juu, na kule akakaa muda mrefu.

"Bu Ponirah," alisema taratibu. "Hili ua zuri. Uliliona wapi?"

"Mfenesini kwangu, Bu."

"Hili lina petali tano zinazolingana. La mfenesini kwako lina mdomo wa manjano uliochomoza mbele, na petali mbili ni pana kuliko nyingine. Na haya yote manne yanatazama upande mmoja, kama askari. Na hapa." Akagusa ncha ya shina. "Okidi hii inapotoa maua, ncha yake huwa tupu. Wewe umeijaza majani."

Ponirah alitazama. Ndipo alipoyaona. Yalikuwa maua ya batiki, yale yale ya mama yake, pacha kulia na pacha kushoto, na pale juu palipokuwa patupu mkono ulikuwa umeona aibu, ukapavika majani.

"Lakini nilikuwa mbele yake," alisema. "Pua yangu ilikuwa ndani yake."

"Pua ilikuwepo," alisema Tumini. "Macho yalikuwa kwenye lami. Nilikuona."

Mtu mmoja akacheka. Bu Winarsih alikunja miwani. "Wiki ijayo ndiyo Jumamosi yangu ya mwisho," alisema.

Hakukuwa na ua lililobaki mteremkoni. Jua liliwaka wiki nzima kana kwamba mvua ni jambo la kusimuliwa. Ponirah alianza karatasi mpya. Mizizi, mashina, majani aliyapima tena upya, bila haraka, kwa kuwa hayo bado yalikuwepo. Siku ya Alhamisi zikabaki ncha tupu na nafasi ya maua.

Ningrum alikuja akaketi karibu yake. "Mak. Siku ile shuleni nilipiga picha. Pale kwenye mti wa getini yalikuwa yamejaa." Akamwonyesha simu. "Chora hili. Nani atajua?"

Ponirah aliishika simu kwa mikono miwili. Ua lilikuwepo, jeupe, na mdomo wake wa manjano. Alichukua bikari akaifungua juu ya kioo. Ncha zake zikateleza. Ua lilikuwa na ukubwa gani? Ningrum aligusa kioo, ua likavimba likawa kama sahani. Akagusa tena, likawa kama punje ya mchele. Na mgongo wake je? Ponirah aliigeuza simu, kama mjinga, akakuta mgongo wa simu.

"Ndiyo sababu hukupokea?" aliuliza. "Ulikuwa unapiga picha?"

Ningrum alitazama chini. "Nilijua utayapenda. Nikasahau kutuma."

Ponirah hakujua amkaripie au amkumbatie, akamrudishia simu. Alichukua penseli, akaileta kwenye ile nafasi. Mkono ulitaka. Lo, ulivyotaka! Nafasi nyeupe ilimkodolea macho kama kitambaa kilichoachwa na mvivu, na alisikia sauti ya mama yake: umeishiwa nta? Aliketi hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akaiweka penseli chini.

Jumamosi ya mwisho ukumbi ulijaa. Karatasi ya Ponirah ilikuwa na mmea mzima, na juu yake ncha nne za mashina, tupu. Mbele ya kila ncha palikuwa na weupe wa karatasi. Pembeni aliandika kwa herufi zake kubwa za darasa la nne: MAUA SIJAYAONA BADO.

Bu Winarsih alichukua bikari. Alikuwa ameagiza kijiti cha okidi kutoka mfenesini, akakilaza mezani, akapima jani la mmea, akapima jani la karatasi. Jani la pili. La tatu. Kwenye la nne alilipima hata tundu la kiwavi. Watu walikohoa. Tumini alisahau kutafuna.

"Na maua?" aliuliza hatimaye.

"Yalikuwepo, Bu," alisema Ponirah. "Mimi ndiye sikuwepo."

"Basi imeshindikana," alisema Tumini, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Sheria ilisema tangu mzizi hadi ua. Yu Ponirah, kwa nini hukutia hata moja? Moja tu! Sote tungefumba macho."

Bu Winarsih aliketi, akayasugua magoti yake. "Nilipokuwa kijana kule bustanini," alisema, "niliukosa msimu wa tunda moja. Nikalikisia. Nilichora vizuri sana, mkubwa wangu akanisifu. Wenzangu walilitafuta tunda lile msituni miaka sita. Mmoja alivunjika mguu akilitafuta. Karatasi ile bado ipo kabatini na jina langu chini yake. Nilitafuta mtu wa kunijazia ukuta, ndiyo maana nikasema mzizi hadi ua. Nilikosea kusema."

Alivua ufunguo wa sanduku shingoni, ulikuwa na uzi mwekundu, akauweka juu ya weupe wa karatasi, pale pale palipongojea ua.

Ponirah hakuugusa mara moja. "Bu, mimi darasa la nne."

"Umeandika neno moja kwa makosa?"

"Hapana. Ningrum alinisahihishia."

"Basi una karani pia," alisema Tumini, na watu wakapumua, bakuli la tempe likazunguka.

Bu Winarsih aliondoka Jumanne. Darasa liliendelea. Karatasi ya maua ya batiki Ponirah hakuichana. Aliitundika ukumbini karibu na ile yenye nafasi, na kila mgeni akapewa kijiti cha okidi atafute yeye mwenyewe ni ipi inayodanganya. Watoto waliipata upesi. Watu wazima walichelewa, kwa kuwa ile ya uongo ilipendeza zaidi.

Wiki tano zikapita. Jumamosi moja, wakiwa katikati ya kuchora kangaga, upepo uligeuka, na mvua ikaangukia vigae, baridi, kwa kishindo. Nusu ya darasa walikurupuka kwenda kuanua nguo. Ponirah alitoka hadi barazani, akanyoosha mkono hadi ubaridi ukamfika kiwikoni. Nyuma yake Tumini alikuwa ameshaanza kuhesabu vidole kwa sauti, na watoto wakimfuata.

"Jumatatu ya wiki ile nyingine!"

Ningrum alitokea mvuani, ameloa chapachapa, anaisukuma pikipiki. Ponirah alimtazama kichwa hadi viatu, kama kawaida yake, akahakikisha hakuna kilichovunjika.

"Jumatatu hiyo utaomba ruhusa kwa mwalimu wako," alimwambia.

"Niugue nini, Mak?"

"Huugui. Utakaa chini ya ngazi yangu uitazame barabara. Mimi nitatazama ua."