Siku Tuliyoshika Shuka Nyeupe

Shida zangu zilianza nikiwa na miaka tisa, mwaka aliokufa baba. Nilikumbuka juzi hapa Chang'ombe, nilipoona vijana wakipima mtaa kwa puto lenye kamera, limefungwa kamba.

Mchana mmoja mwaka ule, baba mdogo alikuja na wapimaji na puto kama hilo, linanuka mpira mpya. "Vaeni vizuri, mnapigwa picha!" Mama akatupaka mafuta, nikavaa gauni la kanisani. Baba mdogo akatupanga, mama na sie watoto watatu, kila mtu kona yake ya kiwanja alichotuachia baba, na shuka nyeupe mkononi. Mie nikatabasamu kuangalia juu mpaka shingo ikauma.

"Shemeji, usitoke hapo!"

Mama akacheka. "Tutatoka wazuri lakini?"

"Wazuri sana, shemeji."

Picha ilipokuja, sura hazikuonekana. Zilionekana shuka nne, ndiyo mipaka, na kiwanja kikaandikwa jina la baba mdogo. Tulitolewa nje pamoja na masufuria yetu. Alijua tangu mwanzo. Sie ndio tuliomshikia mipaka.

Niliishia darasa la nne. Leo nina nyumba mbili Chang'ombe, mashine ya kusaga, na kiwanja Mbezi Luis. Hati zote zina jina langu.