Nukta ya Tatu

Usiku ule nililala mapema, nikiwa nimeshaamua. Kesho yake ningefunga silinda hedi ya Fundi Salehe kwenye gari lake mwenyewe, na mwenye neno akaliseme na ukuta.

Fundi Salehe ndiye aliyenifundisha injini, hapa Tanga, tangu sijui hata kushika spana. Alipofariki aliacha gari la michezo la viti viwili, la zamani, ambalo binti yake Rukia alitaka kulipandisha mlima wa Lushoto katika mbio za magari ya zamani. Gari hilo huishiwa pumzi mlimani, kwa hiyo Rukia akaniomba nilifungie turbo, ile inayosukumia injini hewa kwa nguvu. Hapo ndipo hedi ilipokuwa jambo la kuchagua. Hedi ni kile kifuniko kizito cha juu ya injini, chenye kubeba valvu, na mezani nilikuwa nazo mbili. Moja ilitoka kwenye pikapu iliyokufa, nene, yenye kutu, haijaguswa tangu kiwandani. Ya pili ilikuwa ya Fundi, aliyoikwangua uso mpaka ukang'aa kama kioo cha kinyozi.

Kukwangua hupunguza unene, na hedi nyembamba hubana hewa zaidi. Ukiizidishia na turbo, gasketi hupasuka au pistoni hutoboka, na kwenye kona za Lushoto hakuna pa kuegesha. Lakini Fundi alikuwa na desturi yake: kila akikwangua, hugonga nukta moja ubavuni kwa panchi, kile chuma chenye ncha. Hedi ile ilikuwa na nukta mbili, na mbili zinavumilika. Kupima tena kazi ya aliyekufundisha ni kama kuonja pilau ya mama mkwe halafu ukaomba chumvi. Sikupima. Nilimpenda mno.

Basi nikaota niko karakana, jua la saa nne limejaa mlangoni. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amevaa ovaroli ileile tuliyoigawa baada ya arobaini yake. Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi, nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi."

Hakuitikia. Nikadhani hajasikia, nikaingia ndani kumletea maji ya kunywa, na kule ndani ni jikoni kwa mkewe. Hedi imetelekwa juu ya mafiga. Inachemka polepole, harufu yake ni ya iliki, na mimi sishangai. Fundi anakuja nyuma yangu, anaiepua kwa mikono mitupu, anaifuta mvuke kwa kanga.

Kisha tuko mlimani. Ukungu umeshuka hadi barabarani. Rukia anaendesha huku akiimba chini chini, baba yake yuko kando yake, na mimi sijui nimekaa wapi maana gari lina viti viwili tu. Injini haitoi sauti yoyote. Fundi ameipakata hedi kama mtoto aliyelala. Ananishika kidole, anakipitisha ubavuni mwa hedi, nukta ya kwanza, nukta ya pili, halafu anakisogeza mbele kidogo, mahali palipo laini, anakikandamiza hapo mpaka kinauma.

"Hapa niliona haya," anasema.

Ananisimulia bila kunitazama. Siku hiyo jiwe la mashine ya kukwangulia lilimponyoka, likala upande mmoja kwa kina, ikambidi aikwangue tena hedi nzima ili uso uwe sawa. Wanafunzi tulikuwa tumemzunguka, tukimsifu. Akaiweka panchi mfukoni. Anapofika hapo anamgeukia binti yake, na Rukia haoni kitu, anaimba tu na kukata kona. Nataka kumwambia apunguze mwendo lakini mdomo wangu haufunguki.

"Nitakuitikia ukishapima," Fundi ananiambia.

Nikaamka kumeshakucha, kidole kinaniuma. Sikunywa hata chai. Nilifika karakana nikaziweka hedi zote mbili ubavu kwa ubavu, nikachukua vernia, kile kipimo cha unene, nikapima ile nene, kisha ya Fundi. Nukta moja kwake ilikuwa robo milimita. Mbili ni nusu. Ya Fundi ilikuwa imepungua milimita moja na ushee. Nilirudia mara nne, na mara ya nne nikaketi chini kabisa, sakafuni.

Rukia alinikuta palepale. Nikamweleza yote, ndoto na kipimo, na kwamba tutafunga ile ya pikapu. Hakupenda. Akasema gari bila hedi ya baba yake si gari la baba yake, machozi yakamtoka. Halafu akauliza, "Kwa hiyo Baba alificha?"

"Alificha. Na amekuja mwenyewe kusema, kwa sababu ni wewe utakayeshika usukani."

Aliipapasa hedi ya baba yake ubavuni. Kisha akaomba nyundo. Nikaisimamisha panchi pale kidole kilipouma, naye akagonga mara moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nukta ya tatu ikakaa kwenye mstari na zile mbili.

Nikaifunga hedi ile kwenye gunia safi, nikaipandisha rafuni, na kabla sijashusha mikono nikajisikia nasema kwa sauti, "Shikamoo, Fundi."

Rukia alikuwa nyuma yangu, anajifuta macho kwa mkono wenye grisi.

"Marahaba," akaniitikia kwa niaba ya baba yake.